Mjomba alipoharibu mtutu mbele ya mwanawe, nami nikakumbuka siri yangu

Kwa miezi tisa nilikuwa na siri nyumbani kwangu. Tuliijua watu wawili tu, mimi na dada wa kazi. Mume wangu hakuijua, mama yangu hakuijua. Mimi ambaye kila wiki naandika habari za afya ili wazazi wenzangu wasome, sikuwahi kuiandika.

Leo naiandika. Lakini kwanza nikupeleke kwenye gereji ya mjomba wangu, maana huko ndiko nilikopata ujasiri wa kuisema.

Mjomba ni kaka yake mama wa mwisho. Kazi ya chuma aliianzia Tanga akiwa kijana, kisha akahamia Marekani nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Sasa anaishi jimbo la Pennsylvania na anafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya mashine. Novemba iliyopita nilikwenda Marekani kwa mafunzo mafupi ya uandishi, na yalipokwisha nikaenda kukaa kwake siku kumi.

Nilikuta nyumba nzima inazungumzia paa. Pennsylvania ni jimbo la wawindaji. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki huanza Jumamosi ya kwanza baada ya Sikukuu ya Shukrani, ile ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Baba, mama na watoto huvaa mavazi ya rangi ya machungwa yanayong'aa ili mwindaji mwingine asiwadhanie mnyama, kisha huingia msituni kabla hakujapambazuka. Nyama hugandishwa, familia ikala miezi kadhaa.

Mtoto wa mjomba, mdogo wangu, alikuwa ametimiza miaka 12. Huo ndio umri ambao mtoto wa jimbo lile anaweza kupata leseni ya uwindaji ya vijana, akishapita mafunzo ya usalama, na bado lazima aongozane na mtu mzima. Alikuwa amefaulu mafunzo. Alinipokea mlangoni kwa "Shikamoo dada" ya Kiswahili chake cha kuchechemea, na kabla sijavua koti akaniambia, "Baba atatengeneza bunduki yangu Jumamosi. Utaangalia?"

"Mtutu ni bomba tu"

Bunduki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kuwindia, aliyoinunua mjomba kwa jirani mzee aliyekuwa akihama. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa akitumia darubini ya juu tu, kwa hiyo mtutu ulikuwa laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila vile vidude vya chuma vya kulengea shabaha. Mjomba hakutaka mwanawe aanze na darubini. Alitaka ajifunze kulenga kwa macho yake, kwa kidude cha nyuma na cha mbele. Basi ilibidi yatobolewe matundu manne juu ya mtutu, mawili nyuma na mawili karibu na mdomo, kisha zikatwe nyuzi ndani ya kila tundu ili skrubu zikaze.

Nilimuuliza, "Mjomba, hii si kazi ya fundi bunduki?"

"Mpwa wangu, nimekata nyuzi kwenye chuma miaka ishirini na tano," akasema. "Mtutu ni bomba tu."

Mkaza mjomba alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Bomba, sawa. Lakini si la maji."

Niseme mapema, kabla msomaji hajapiga simu chumba cha habari. Kule Marekani, mtu anayemiliki bunduki kihalali anaruhusiwa kwa kawaida kuifanyia kazi ya namna hii mwenyewe. Leseni ya serikali kuu inahitajika akiifanya kuwa biashara ya kuwatengenezea wengine. Kwetu Tanzania si hivyo. Tuna sheria ya silaha ya mwaka 2015, na bunduki si kitu cha kuwekwa kwenye jiliwa uani kwako. Sikuandika haya ili mtu ajaribu.

Nilikwenda gereji siku ile nikiwa na wasiwasi wa kikazi. Kama mwandishi wa afya najua kwamba tangu mwaka 2020 bunduki ndizo zinazoua watoto na vijana wengi zaidi Marekani, wa umri wa mwaka 1 hadi 19, kuliko hata magari. Kwa hiyo nilikuwa naangalia kila kitu. Mjomba alinifurahisha. Risasi zilikaa kwenye kisanduku chenye kufuli, chumba kingine kabisa. Bunduki ilitolewa kwenye kabati la chuma, na kabla ya kuigusa kwa kazi aliifungua, akatazama ndani, akaingiza kidole kuhakikisha hakuna risasi, kisha akampa mwanawe naye afanye vilevile. Halafu wakautoa mtutu kwenye mbao na mitambo yake, ukabaki peke yake.

"Hata kama umehakikisha jana?" nikauliza.

"Hata kama nimehakikisha sasa hivi," mtoto akajibu kabla ya baba yake.

Kisha tukavaa miwani ya kazi, sote watatu. Mdogo wangu ya kwake ilipata ukungu kwa baridi akaipandisha kwenye paji la uso. Mjomba alizima mashine. Hakupaza sauti. Alisimama tu na kungoja, mpaka miwani ikarudi machoni.

Hapo nilimkumbuka fundi wa mageti mtaani kwetu, jicho lake moja jeupe kama maziwa. Chembe ya chuma iliruka, akaifikicha, akamwita mwenzake aitoe kwa ncha ya kitambaa. Mzazi mwenye mtoto anayependa kushinda kwa mafundi, kumbuka hili: chembe ikichoma jicho, usifikiche na usijaribu kuichomoa. Funika jicho kwa kitu kisichogandamiza, kama kikombe kidogo cha karatasi, uende hospitali siku hiyohiyo.

Kazi inavyofanywa

Sikujua kwamba kutoboa tundu dogo kunaweza kuchukua nusu siku. Mjomba aliuweka mtutu kwenye vitalu viwili vyenye mkato wa herufi V ili usizunguke, akapima kwa pimamaji, akapima tena. Alitafuta mstari wa katikati juu kabisa ya mtutu. Tundu likienda pembeni kidogo tu, alisema, kidude cha kulengea kitasimama upande, na mtoto atalenga paa apige mti.

Skrubu zenyewe ni ndogo kuliko nilivyofikiri, unene wa milimita 3.5 hivi, zenye nyuzi 48 katika kila inchi moja. Biti ya kutobolea ina unene wa milimita 3 na nukta kidogo. Aligonga alama kwa senta panchi, akadondosha mafuta, akashusha drili ya mezani polepole. Maranda ya chuma yakatoka yamejikunja kama nywele.

Baada ya tundu ndipo inakuja tapu. Hii ni kama skrubu ya chuma kigumu sana yenye meno, unaizungusha kwa mkono ikate nyuzi ndani ya tundu. Mafundi hutumia tapu zaidi ya moja. Ya kwanza ni nyembamba mbele ili ipate njia, ya mwisho ni bapa ili ifikishe nyuzi hadi chini kwenye tundu lisilotokeza upande wa pili. Unazungusha nusu duara, unarudisha nyuma kidogo chuma kikatike, unaongeza mafuta, unaendelea. Ukilazimisha, tapu inavunjikia ndani, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko kutoboa.

Matundu mawili ya nyuma yalikwenda vizuri. Huko mtutu ni mnene. La tatu, la kwanza kati ya yale ya mbele, mjomba alilitoboa, kisha akampa mwanawe mpini wa tapu.

"Sikiliza kwa vidole," akamwambia. "Chuma kikigoma, rudi nyuma. Usishindane nacho."

Mtoto alizungusha akiwa amebana ulimi kwa meno. Nusu mbele, kidogo nyuma. Ilipofika chini alicheka kama amefunga goli.

Niliona kwa nini baba huyu hakutaka kuipeleka kazi kwa fundi. Fedha ilikuwa sababu ndogo. Alitaka mchana mmoja ambao mtoto angemwona baba yake akifanya kitu anachokijua. Siku nyingine mtoto humwona akirudi kazini amechoka, akila, akilala.

Tundu la nne

Biti ilikuwa imeanza kupoteza makali. Mjomba akaitoa, akafunga mpya. Ukibadilisha biti lazima upange upya kizuizi, kile kinachoizuia drili isishuke kupita kina unachotaka. Wakati anapanga, simu ikaita. Ni kazini, mtu hajafika zamu, je, yeye anaweza kwenda usiku? Alijibu huku mkono mmoja ukiwa kwenye mashine. Akakata simu, akamalizia kupanga, akatoboa.

Alipoinua drili alikaa kimya. Akafuta mafuta. Akachukua venia, kile kipimo chenye ulimi mwembamba wa kupimia kina, akaushusha ndani ya tundu. Akasoma. Akapima mara ya pili. Halafu akaweka venia mezani akatoka nje, akasimama kwenye baridi bila koti.

Aliporudi alitueleza, na alieleza kama mwalimu, akichora kwa chaki kwenye meza ya chuma. Karibu na mdomo, mtutu ule ulikuwa na unene wa milimita 15. Njia ya risasi ndani yake ni karibu milimita 7.8. Ukitoa na kugawa kwa mbili, ukuta wa chuma ni milimita 3.6 tu. Alikusudia tundu la milimita 2.5, ubaki ukuta wa milimita 1.1. Lakini biti ya drili haina ncha bapa, ina ncha ya pembe kama penseli, na ncha hiyo peke yake ina urefu wa karibu milimita 0.9. Alipopanga kizuizi kwa mara ya pili, akili ikiwa kwenye simu, alipima kuanzia kwenye bega la biti na kuisahau ncha. Tundu likaenda milimita 3.4.

"Imebaki 0.2," akasema. "Karatasi mbili za daftari."

Kwa macho hukuona kitu. Niliinama nikatazama. Lilikuwa tundu safi kama mengine matatu. Ukitazama ndani ya mtutu kwa tochi ulikuwa unang'aa, hakuna alama yoyote.

Mdogo wangu alitazama tundu, akamtazama baba yake. Wiki mbili tu zilibaki msimu ufunguliwe. Kwa sauti ya chini akasema, "Baba, tuweke skrubu tu. Ikishaingia hakuna atakayeona."

"Wewe umeona," mjomba akasema.

"Mimi sitasema."

Niliposikia maneno hayo miguu iliniishia nguvu. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mjomba alidhani ni baridi. Hayakuwa maneno ya mtoto yule. Yalikuwa yangu, niliyoyasema jikoni kwangu mwezi wa Februari.

Siri ya jikoni

Binti yangu alikuwa na miaka miwili na nusu, kilo 12. Jioni hiyo nilirudi kazini nimechelewa, nikamkuta ana homa. Nilichukua chupa ya dawa ya maji ya paracetamol, ile ya miligramu 120 kwa kila mililita 5. Kikombe chake cha kupimia sikukiona, nikatumia kijiko cha mezani. Nikampa kijiko kizima.

Mimi najua hesabu hii. Nimeiandika gazetini. Kipimo cha paracetamol kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila dozi ikipishana na nyingine kwa saa 4 hadi 6, na zisizidi dozi nne kwa siku. Kwa kilo 12, kipimo cha juu ni miligramu 180, yaani mililita 7.5. Kijiko cha mezani hubeba karibu mililita 15. Nilikuwa nimempa mara mbili ya kipimo.

Dada wa kazi akatoka kuanika nguo. Akaiona chupa mkononi mwangu. "Dada, umempa tena? Mimi nimempa saa moja iliyopita."

Najua pia jinsi dawa hii inavyofanya ikizidi sana. Huumiza ini, na ini halilalamiki siku ya kwanza. Mtoto anaweza kucheza na kula, dalili zikaja siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuzuia madhara ipo hospitali, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Ndiyo maana ushauri ni mmoja: beba mtoto, beba na chupa, nenda kituo cha afya, wao ndio wapige hesabu. Usisubiri dalili.

Mimi nilisubiri dalili. Kituo cha karibu nasi wahudumu wananifahamu, nimewahi kuwahoji. Nilijiona ninavyoingia pale, mwandishi wa afya, na kijiko cha mezani. Mume wangu alikuwa safarini. Nilimwambia dada wa kazi, "Mimi sitasema, na wewe usiseme." Nikakesha nikimtazama mtoto akipumua. Kukesha huko hakukuwa na maana yoyote, kwa sababu ini halionekani kwa kutazama kifua.

Bahati yangu kiasi chote kwa pamoja hakikufikia cha kumdhuru. Kesho yake nilipiga hesabu kwa utulivu nikashukuru. Lakini usiku ule sikuwa nimepiga hesabu. Nilikuwa nimeficha tu.

Karatasi kwenye mtutu

Mjomba hakumgombeza mwanawe. Alichukua kipande cha katoni, akaandika kwa kalamu nene, "USITUMIE. TUNDU LA MBELE LIMEZIDI KINA," akaweka tarehe na jina lake, akakifunga kwenye mtutu kwa waya. Kisha akaita, "Mama, njoo kidogo."

Mkaza mjomba akaja anajifuta mikono.

"Nimeharibu," mjomba akasema. "Nilipanga mashine nikiongea na simu. Ungekuwa sahihi kunicheka."

Hakucheka. Alimtazama mtoto, akamtazama mumewe, akasema, "Bora umeona," akarudi jikoni.

Sentensi hizo tatu zilimchukua mjomba labda sekunde kumi. Nilikuwa namtazama mdogo wangu. Macho yalikuwa na machozi kwa ajili ya msimu wake, lakini alikuwa akimtazama baba yake kwa namna ambayo hakumtazama alipokuwa akitoboa yale matundu matatu mazuri.

Kesho yake Jumapili duka la fundi bunduki lilifungwa. Jumatatu jioni tulikwenda sote. Mjomba, fundi wa miaka 25, aliweka mtutu kaunta akasema kosa lake mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri. Fundi alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Alipima, akatazama ndani kwa taa.

Alieleza kwamba bunduki inapofyatuliwa, gesi ya moto husukuma risasi kwa nguvu kubwa. Nguvu hiyo ni kubwa zaidi pale risasi inapokaa, na hupungua kuelekea mdomoni, lakini hata mdomoni bado ni nyingi kwa ukuta wa 0.2. Pangeweza kuvimba. Ungeweza kupasuka, skrubu ikatoka kama risasi ya pili, na huwezi kujua itaelekea wapi. Labda si kwa mlio wa kwanza. Labda wa thelathini, mtoto akiwa amekwisha kuizoea na kuiamini.

Dawa ilikuwapo. Angekata mtutu nyuma ya tundu lile, mahali ambapo matundu yote mawili ya mbele yangeondoka, na kuuchonga upya mdomo. Sheria ya kule inataka mtutu wa bunduki ya aina ile usipungue inchi 16. Huu ulikuwa na inchi 22, ungebaki na 20. Ila foleni ilikuwa ndefu, kila mtu anataka yake kabla ya msimu. Isingekuwa tayari siku ya ufunguzi.

Mdogo wangu alilia ndani ya gari. Mjomba alimwacha alie. Tulipokaribia nyumbani akamwambia kwa Kiswahili, "Msimu utarudi mwaka kesho. Nawe nataka urudi."

Usiku ule nilimweleza mjomba habari ya kijiko. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa hotuba. Aliuliza swali moja tu: "Huyo dada wa kazi, ulimfundisha nini siku ile?"

Nilichokikuta nyumbani

Niliporudi Dar es Salaam nilingoja mtoto alale, nikamwomba mume wangu na dada wa kazi tukae sebuleni. Nilisema yote. Kijiko, dozi mbili, usiku wa kukesha, na yale maneno ya "usiseme". Mume wangu alikasirika, na sikumlaumu. Alitoka nje kidogo, akarudi. Aliuliza maswali, nikajibu.

Kisha dada wa kazi akaanza kulia.

Mwezi wa Juni, akasema, mtoto alianguka kutoka kitandani akagonga kichwa sakafuni. Lile nundu alilotuambia kwamba amejigonga mlangoni akikimbia, halikuwa la mlango. Yeye alikuwa sebuleni na simu. Mtoto alitapika mara moja. Hakusema, kwa sababu, alisema huku anatazama mikono yake, "Nilidhani hapa nyumbani tunanyamaza."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akieleza kanuni ya nyumba kama alivyoielewa, na mimi ndiye niliyeiweka.

Mtoto aliyegonga kichwa akatapika tena na tena, akasinzia kiasi kwamba ni vigumu kumwamsha, akapata degedege, au akaanza kuchanganyikiwa, huyo ni wa kukimbizwa hospitali bila kuchelewa. Binti yangu hakufika huko. Lakini kama angefika, mimi ningeambia daktari habari ya mlango, na daktari angetibu mlango.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nilizoea kudhani methali hiyo inamhusu mgonjwa anayeficha ugonjwa wake. Sasa naona inatuhusu pia sisi tunaolea. Mtoto hawezi kusema amepewa dozi ngapi au ameanguka kutoka wapi. Historia yake yote iko midomoni mwetu.

Kwa hiyo tumebadilisha mambo mawili. Kwanza, juu ya friji kuna daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Anayempa mtoto dawa anaandika saa, jina la dawa, kiasi na jina lake, kabla ya kurudisha chupa. Kikombe cha kupimia kimefungwa kwenye chupa kwa mpira, na kijiko cha mezani hakigusi dawa tena. Daftari la shilingi mia kadhaa.

La pili ni gumu zaidi. Tumekubaliana kwamba anayesema kosa lake mwenyewe, siku hiyo hagombezwi. Tutazungumza kesho, hasira zikipoa. Siku hiyo tunashughulika na mtoto kwanza. Nimeshindwa kanuni hii mara moja, wiki ya pili tu, nilipofoka kwa sababu ya chai iliyomwagika karibu na mtoto. Nilimwomba dada wa kazi radhi mbele ya mume wangu. Ilinichukua kama sekunde kumi.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha. Mtutu umerudi, umefupishwa, na fundi ametoboa matundu mapya. Kipande kilichokatwa, chenye urefu wa inchi mbili na matundu yake mawili, moja zuri na moja baya, kipo kwenye meza yake ya kusomea. Anawekea kalamu pembeni yake.

Nilimuuliza kama siku ya ufunguzi ilimuuma. Alijibu kwamba walikwenda msituni hivyohivyo, yeye na baba yake, bila bunduki, na mavazi yao ya machungwa. Waliona nyayo nyingi za paa kwenye theluji, na chai ya chupa iliisha mapema.